Nondo mmoja, majina tele: mzuka wa malisho ya Chile

Katika familia zetu nyingi, mtu mmoja huwa na majina manne au matano. Shangazi humwita kwa jina la babu, shuleni anajulikana kwa jina la ubatizo, vijana wa mtaani wamemtungia la utani, na kwenye kitambulisho karani ameandika jingine kabisa kwa kukosea herufi mbili. Mambo huwa shwari hadi siku pesa zake zinapokwama benki. Hapo ndipo jamaa hulazimika kukusanyika, wazee kwa vijana, kuapa kwamba watu hao wanne ni mtu yule yule.

Leo, mpenzi msomaji, ukumbi huu unakupeleka kusini mwa nchi ya Chile, Amerika Kusini, ukakutane na mdudu aliyepatwa na masaibu kama hayo. Ni nondo, yaani ndugu wa kipepeo mwenye mazoea ya kuruka gizani na kuzizunguka taa. Jina lake rasmi ni Dalaca pallens. Wakulima wa huko hawana haja na Kilatini hicho. Wao wanamjua mwanawe, kiwavi anayeitwa cuncunilla negra. Cuncuna ndilo neno la Wachile la kiwavi, cuncunilla ni kiwavi kidogo, na negra ni cheusi. Basi ni "kakiwavi keusi", na kakiwavi hako kamewatia watu hasara isiyo ndogo.

Ukitaka kuielewa hasara hiyo, waza juu ya Nyandarua. Eneo la Osorno na wilaya zinazolizunguka ni nchi ya mvua, baridi, nyasi na ng'ombe wa maziwa. Sehemu kubwa ya maziwa ya Chile hutoka huko kusini. Zamani palikuwa na misitu, lakini tangu katikati ya karne ya 19 walowezi, wengi wao Wajerumani, walifyeka na kuchoma, kisha wakapanda nyasi za Ulaya na klova. Nondo wetu alikuwa mwenyeji wa hapo kabla ya ng'ombe wa kwanza kutia mguu. Alipoona ameandaliwa karamu, hakungoja kukaribishwa mara mbili.

Kiwavi huyu huchimba shimo la kwenda chini ardhini, akalizungushia nyuzi za hariri ndani kama mtu anayepiga lipu ukuta. Mchana hutulia humo. Usiku hutoka hadi mdomoni mwa shimo, akakata majani ya nyasi yaliyo karibu na kuyavuta ndani akayale kwa nafasi yake. Kazi hii huifanya majira ya vuli na ya baridi, miezi ambayo nyasi za huko hukua kwa shida na kila jani lina thamani. Mkulima huamka akakuta mabaka matupu malishoni, asimwone mwizi. Ng'ombe hawana la kung'oa, maziwa yanapungua, na chakula cha kununua kinapanda bei.

Hapo sasa ndipo swali la jina linapoingia, wala si swali la wasomi peke yao. Mabaka matupu malishoni yanaweza kuletwa na mdudu mwingine kabisa. Chile kuna viwavi weupe wanono, watoto wa aina fulani za mende, ambao hujikunja kama herufi C na kula mizizi. Anayekula mizizi hukaa chini siku zote, na dawa ya kunyunyizia majani haimfikii. Anayekula majani hutoka nje usiku, na njia ya kumkabili ni nyingine. Mkulima akikosea mdudu, amemwaga pesa na sumu shambani bure, na mwizi yuko shimoni anacheka.

Nasi tumeyaona hayo. Mwaka wa 2017 wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa walivamiwa na viwavi waliowashinda nguvu. Wengi walidhani ni wale viwavijeshi wa Kiafrika waliozoeleka tangu enzi za mababu, ambao huja kwa makundi, wakafagia, wakapita. Kumbe hawa walikuwa wageni kutoka bara la Amerika, waliokuwa wameonekana Afrika Magharibi mwaka wa 2016. Hawakupita. Waliingia katikati ya mmea, wakajificha kwenye majani machanga yaliyojikunja na kuzaana papo hapo msimu baada ya msimu. Ilibidi watu wafundishwe kuwatazama usoni, ambako kuna alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia, ambako kuna madoa manne yaliyopangika kama pembe za mraba. Alama mbili tu hizo, ndizo zilizotenganisha adui wa zamani na adui mpya.

Turudi kwa nondo wetu wa Chile. Yeye ni wa familia ambayo wataalamu wanaiita Hepialidae, na Waingereza kwa lugha yao ya kawaida wanawaita nondo-mizuka. Jina hilo la mizuka lilitokana na ndugu yao wa Ulaya, ambaye Carl Linnaeus wa Uswidi alimwandika kitabuni mwaka wa 1758. Dume lake ni jeupe. Jioni ya majira ya joto, jua likishatua, madume hukusanyika juu ya nyasi na kuning'inia hewani, wakiyumba huku na huku mahali pamoja ili kuwavutia majike. Mtu aliyepita karibu na makaburi saa moja jioni na kuona vitu vyeupe vikielea juu ya majani bila sauti hawezi kulaumiwa kwa kutoka mbio. Nao wasomi hawakubaki nyuma kwa vitisho. Jina Hepialus limechukuliwa kutoka neno la Kigiriki cha kale la homa ya kutetemeka, kwa jinsi mdudu huyu anavyotikisika akiruka. Sisi tunaoijua malaria tunaelewa.

Duniani wako zaidi ya spishi 600 za familia hii, na Amerika Kusini ina nyingi mno. Mkubwa wao mmoja, wa Australia, akitandaza mabawa hufikia karibu sentimita 25, upana wa sahani ya chakula. Dalaca pallens ni mdogo zaidi ya huyo kwa mbali na angetoshea vizuri kiganjani mwako.

Basi utamjuaje nondo-mzuka ukimkamata? Kwanza mtazame mdomoni. Vipepeo na nondo wengi wana mrija wa kunyonyea utamu wa maua, wanaoukunja kama waya wa saa. Nondo-mzuka hana wa kumfaa kitu. Akishapata mabawa hali chochote. Anaishi siku chache kwa akiba aliyoila alipokuwa kiwavi, anatafuta mwenzi, anazaa, anakufa. Pili, vipapasio vyake ni vifupi sana kwa mwili wake. Tatu, na hapa utahitaji kioo cha kukuzia, tazama namna mabawa yanavyoshikana. Kwa nondo wengi, bawa la nyuma lina unywele mgumu unaonasa kwenye kikulabu cha bawa la mbele, ili mawili hayo yapige pamoja. Nondo-mzuka hana unywele huo. Badala yake, bawa la mbele lina kijisehemu kilichochomoza kwenye shina lake kama kidole kidogo. Isitoshe, mishipa ya bawa la nyuma imepangika karibu sawa na ya bawa la mbele, ilhali kwa nondo wengine bawa la nyuma limepunguziwa. Haya yote ni mambo ya kizamani. Nondo-mizuka walijitenga na nondo wengine mapema mno, na wamebaki na ushonaji wa mababu.

Jike lina jambo jingine. Wazee wanisamehe kwa kuligusia siku ya Jumapili, lakini ndilo linalolipa kundi lao zima jina la Exoporia. Mahali pa kupokea mbegu za dume na mahali pa kutolea mayai ni matundu mawili, na kati yake hamna njia ya ndani kama ilivyo kwa nondo wengi. Kuna mfereji tu upande wa nje ambamo mbegu hupitia. Kwa mayai nako hawana mchezo. Wengi wao hawayabandiki kwenye jani kwa mpango, huyamwaga tu nyasini, yatakayopona yapone. Jike mmoja wa Australia aliyechunguzwa alitaga mayai 29,100, na alipopasuliwa akakutwa bado ana mengine 15,000 tumboni. Kwa uzazi wa namna hiyo, hata kiwavi mmoja kati ya mia akipona, malisho yameliwa.

Kufika hapo tumeijua familia. Kumjua mtu mwenyewe ndani ya familia ndiko kwenye kazi, na ndiko watu walikopotelea.

Jina pallens lilitolewa na Émile Blanchard, mtaalamu wa wadudu wa Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Yeye aliandika sehemu ya wadudu katika kazi kubwa ya Claudio Gay, Mfaransa aliyeizunguka Chile kwa miaka mingi kwa mkataba wa serikali ya nchi hiyo, akikusanya mimea na wanyama. Kwa Kilatini, pallens ni -a kupauka. Mwaka wa 1856, Francis Walker wa London, mtu aliyewapa majina maelfu ya wadudu, alianzisha jina la jenasi Dalaca, ambalo ukipenda ulichukue kama jina la ukoo. Nondo wa Blanchard akaja kuingizwa katika ukoo huo baadaye.

Shida ilikuwa kwamba "mpauko" huyu hakuwa amepauka siku zote. Mmoja ana rangi ya majani makavu, mwingine ni wa kahawia, mwingine ana weusi. Mmoja ana michirizi na madoa, mwingine hana. Dume na jike nao hawafanani. Sasa fikiri mtaalamu wa Ulaya aliyeletewa nondo mmoja au wawili waliokaushwa na kuchomwa pini, waliotoka nchi ambayo hajaikanyaga. Anawatazama, anaona hawafanani na wale wa kitabuni, naye kwa nia njema anawapa jina jipya. Baada ya miaka mwenzake wa mji mwingine anafanya vivyo hivyo. Ndivyo mdudu yule yule alivyojikuta na rundo la majina. Mojawapo, Dalaca noctuides, lilikuwa likitumika katika maandishi ya kilimo ya Chile kumtaja huyu huyu kakiwavi keusi.

Msomaji anaweza kusema, na iwe hivyo, jina ni jina. La hasha. Kila analoligundua mtu kuhusu mdudu, kama vile anazaliwa lini, anakufa kwa ugonjwa gani, ndege gani humla, huhifadhiwa chini ya jina. Majina yakiwa manne, faili ni nne, na aliyefungua moja hajui kwamba jibu lake limo katika ile ya tatu.

Waliozikusanya faili hizo walikuwa wawili, Ebbe Nielsen wa Denmark na Gaden Robinson wa Makavazi ya Historia ya Viumbe ya London. Mwaka wa 1983 walitoa kitabu kizima kuhusu nondo-mizuka wa kusini mwa Amerika Kusini. Nielsen hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Aliwahi kukusanya nondo kwa mikono yake upande wa Argentina, karibu na mji wa Bariloche. Alifariki mwaka wa 2001, na hadi leo kuna tuzo ya kimataifa ya taarifa za viumbe iliyopewa jina lake.

Kazi ya namna hiyo hufanywa hivi. Kila jina la kisayansi lina kielelezo chake cha msingi, mdudu mmoja aliyetunzwa makavazini ambaye ndiye shahidi wa jina hilo. Mtafiti huwatafuta mashahidi hao popote walipo na kuwaweka kando kwa kando na nondo wengi wapya waliokusanywa mahali mbalimbali. Rangi huiweka pembeni, kwani rangi imeshaonekana kuwa mwongo. Badala yake hukata ncha ya tumbo la nondo, akaichemsha katika maji ya potasi hadi nyama zilainike na kutoka, zikabaki sehemu ngumu za uzazi. Hizo huziweka chini ya hadubini. Maumbo yake hayabadiliki ovyo ndani ya spishi moja, na mara nyingi hutofautiana waziwazi kati ya spishi na spishi, kama ufunguo na kufuli. Wale waliotofautiana kwa kanzu na wakakutwa na ufunguo mmoja huwekwa pamoja. Kisha sheria ya kimataifa ya majina ya wanyama inaamua: jina la zamani zaidi lililotolewa kihalali, kuanzia mwaka wa 1758, ndilo linalobaki. Mengine yote yanakuwa visawe. Hivyo ndivyo noctuides lilivyostaafu, na pallens la Blanchard likaketi kitini.

Tusidhani lakini kwamba makosa huenda upande mmoja tu. New Zealand nako kuna nondo-mizuka wanaokula malisho, na wakulima wa huko waliwaita wote kwa jina moja, porina. Walipochunguzwa wakaonekana ni spishi saba za jenasi Wiseana, baadhi zikifanana kiasi kwamba hata mtaalamu humshinda kuzitenganisha kwa macho. Ilibidi vinasaba vitoe ushahidi. Chile ilikuwa ni mtoto mmoja mwenye majina mengi, New Zealand ni darasa zima linaloitika "naam" mwalimu akitaja jina moja. Tangu mwaka wa 2003, wanasayansi wa Kanada walipopendekeza kusoma kipande kimoja kifupi cha vinasaba, chenye herufi 650 hivi, kama nambari ya kitambulisho ya kila spishi, kazi hii imekuwa nyepesi kidogo. Nasema kidogo kwa sababu bado lazima awepo mtu wa kusema nambari hiyo ni ya nani, na shahidi wake yuko makavazi gani.

Afrika nayo imo katika habari hii, ingawa kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya nondo-mizuka wa bara letu, hasa wa kusini mwa Afrika, waliwahi kuandikwa kuwa ni Dalaca, ukoo mmoja na hawa wa Chile. Mwaka wa 1950 Pierre Viette, Mfaransa, aliwatenga na kuwapa jina lao, Eudalaca. Walikuwa wanafanana nao kwa sura, lakini walikuwa ukoo mwingine.

Viette huyo huyo ndiye aliyewapa majina binamu wawili wa pallens walioko Chile, Dalaca chiliensis na Dalaca variabilis. Hawa hawakufutwa kuwa visawe, nao hutajwa katika mazungumzo ya kakiwavi keusi malishoni. Hapo pana kazi ya mkono isiyokwepeka. Nondo aliyekomaa unaweza kumpasua na kumtambua, lakini kiwavi hajawa na hizo sehemu za uzazi za kuchunguzwa. Njia ya zamani, ambayo bado inafaa, ni kumchukua akiwa hai pamoja na bonge la udongo na nyasi, kumlea ndani ya chombo hadi awe pupa, kisha kungoja atoke na mabawa. Kwa mdudu ambaye huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, hiyo si kazi ya wiki mbili.

Mkulima naye hangoji hivyo. Vuli inapoanza kule kusini, kama mwezi wa Aprili, anayejua kazi yake huchukua sepetu, akakata bonge la udongo hapa na pale katika malisho, akalimega na kuhesabu vijishimo vyenye hariri na viwavi weusi walio bado wadogo. Wakiwa wachache huwaachia bandurria, ndege wa jamii ya kwarara mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayetembea malishoni mchana kutwa akidonoa ardhini. Wakiwa wengi, huchukua hatua mapema kabla hawajanenepa, kwani kufikia Julai atakuwa ameshachelewa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi nyumbani na kumtazama mchwa.